Grisi ya Koo

Tangazo, tangazo. Abiria wote wa stesheni hii, wanaoondoka, wanaofika na wanaozurura tu bila tiketi, mnaarifiwa kwa heshima na taadhima kwamba sukari ya Bi Kipaza imepanda. Imepanda bila kukata tiketi, imekaa daraja la kwanza, na imekataa kushuka kituo chochote. Mnaombwa muwe watulivu. Mnaombwa pia, kwa ajili ya Mungu, muache kumletea mbegu za maboga.

Tangazo hilo halikuwahi kusomwa kwenye spika, na halikuhitajika. Ilipofika Jumatano kila mtu alikuwa anajua, kuanzia stesheni masta hadi mama anayefagia jukwaa namba tatu. Siri ya mtu mwenye kazi ya kutangaza haina pa kujificha.

Bi Kipaza alikuwa mama wa miaka hamsini na mbili, mnene wa wastani, mfupi wa wastani, ambaye hakujaliwa kitu cha kupita kiasi isipokuwa sauti. Kwa miaka ishirini na tatu alikuwa amekaa kwenye kibanda cha vioo juu ya ngazi, mbele ya maiki, akiwaambia watu treni ipi inasimama wapi. Sauti yenyewe ilikuwa nyororo kiasi kwamba treni ikichelewa saa tatu, akitangaza yeye, abiria walijiona wamepewa zawadi. Wanaume walipanga safari wasizokuwa nazo. Watoto wachanga walilala. Hata mtu aliyeibiwa mkoba, akisikia tangazo la mkoba wake, aliondoka amefarijika, bila mkoba.

Sasa siku moja ya jua kali, mchana, mdomo ulimkauka kama karatasi ya msasa na macho yakamwingia ukungu. Akaitazama ratiba, akaona tatu mahali palipoandikwa mbili. Watu mia mbili wakakimbia kuvuka daraja la juu na mizigo yao, mmoja ana godoro kichwani, wakajipanga vizuri mbele ya mabehewa ya saruji jukwaa namba tatu. Treni yao ikaondoka polepole jukwaa namba mbili, tupu, huku dereva akiwapungia mkono.

Mwenye godoro ndiye aliyeandika barua.

Daktari wa shirika la reli hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Alimpima, akampima tena, akavua miwani.

"Mama, unaamka usiku kukojoa mara ngapi?"

"Daktari, swali gani hilo la kumuuliza mtu mzima?"

"Mara ngapi?"

"Tano. Sita nikila tikiti maji."

"Una kisukari. Kipimo hiki kinatazama miezi mitatu iliyopita, hakidanganyiki kwa kufunga siku mbili kama mlivyozoea. Cha kwako ni kumi nukta nne. Kinatakiwa kishuke. Nakupa vidonge na nakupeleka kwa mtu wa lishe. Miezi minne kutoka leo urudi. Kikiwa chini ya nane na macho yakatulia, nasaini ukae kwenye maiki yako. Kikiwa juu, unahamia stoo ya mizigo iliyosahaulika."

Bi Kipaza aliijua hiyo stoo. Ilikuwa chini ya ngazi, haina dirisha, imejaa miavuli na kiatu kimoja kimoja. Mtu aliyekuwa akifanya kazi humo alistaafu akiwa amesahau kuongea.

Aliporudi kibandani alikuta stesheni masta amemtangulia. Kwenye kona ameweka katoni kubwa, limefungwa kwa karatasi ya gundi.

"Ni mashine tu, mama," alisema stesheni masta, mtu mwembamba aliyependa hotuba kuliko mshahara. "Ina sauti ya mwanamke imerekodiwa tayari. Haichoki, haiendi chooni, haina kisukari. Lakini usiwe na wasiwasi, haijafunguliwa."

Bi Kipaza alilitazama lile katoni kama mke mkubwa anavyomtazama mgeni mwenye sanduku. Kisha akaliburuta chini ya meza, akalifanya la kuwekea miguu.

*

Nyumbani vita vilikuwa na amiri jeshi wake, naye ni Wifi. Wifi alikuwa dada mkubwa wa mume wa Bi Kipaza, na alikuja kukaa wiki mbili, mwaka juzi. Mume mwenyewe alikuwa seremala, mtu wa maneno machache na vijiko vinne vya sukari kwa kikombe.

Wifi ndiye aliyemsindikiza kwa binti wa lishe, msichana mdogo wa hospitali mwenye sahani ya plastiki iliyochorwa mistari. Binti aliwaeleza taratibu. Nusu ya sahani mboga. Robo nyama, samaki au maharage. Robo iliyobaki wanga, wali au viazi, kiasi cha ngumi. Usiruke mlo, ukiruka unakuja kufidia. Soda basi, juisi basi. Na akamkabidhi daftari jembamba: andika kila unachokula na kila unachokunywa.

Wifi alisikia "nusu mboga," akaona hospitali ina uzembe. Akafanya sahani nzima.

"Wifi yangu," alitangaza jioni ile, mikono kiunoni, "kuanzia leo jiko hili liko chini yangu."

"Liko chini yako tangu mwaka juzi."

"Usinijibu, unajipandisha sukari. Kula."

Bi Kipaza alitazama sahani. Mchicha ulikuwa umelala juu ya kabichi, kabichi juu ya tango.

"Na robo ya wali aliyosema binti?"

"Binti yule ana miaka mingapi? Ameolewa? Mtu hajapika hata kwa mwaka mmoja anakuja kutuambia robo! Sumu ina robo?"

Seremala akasafisha koo. "Dada, lakini mimi sina kisukari."

"Wewe kula umsaidie mkeo. Ndoa ni kushirikiana."

Seremala alikula mchicha akiwa na uso wa mtu anayesaini hati chini ya bunduki. Siku ya nne akaanza kuchelewa kurudi kutoka karakana. Siku ya kumi alionekana amenenepa kidogo, jambo ambalo hakuna aliyelitilia maanani wakati ule.

Bi Kipaza aliandika kila kitu kwenye daftari, maana alikuwa mtu wa ratiba. Saa moja: yai moja, chai bila sukari, hasira. Saa saba: kabichi. Saa moja usiku: kabichi tena, na maneno ya Wifi. Alipoanza kuona nyota akisimama, akamrudia binti wa lishe, na binti akamwambia waziwazi mwenye vidonge hatakiwi kushindishwa njaa, arudishe robo yake ya wali. Bi Kipaza akaiomba robo nyumbani. Akapewa viazi viwili vyenye ukubwa wa jicho la samaki.

Kazini hali haikuwa bora. Kila aliyepanda ngazi alikuwa na shangazi aliyepona. Mmoja alipona kwa mbegu za maboga, mwingine kwa maji ya bamia, wa tatu kwa kuamka alfajiri na kukemea. Babu Tiketi, mkatisha tiketi wa dirisha la chini, ambaye alikuwa na meno sita na methali mia sita, alipanda kila saa nne kumwonea huruma akiwa ameshika mkate uliopakwa jamu.

"Pole, mama. Mwili haujengwi kwa matofali."

"Babu, ondoka na huo mkate."

"Nimekuja kukupa moyo."

"Moyo ninao. Ninachotaka ni huo mkate."

Faraja yake ilikuwa moja tu, nayo haikuwa chakula. Ilikuwa kifaa cha kazi.

Mtangazaji aliyemfundisha, mzee mmoja aliyekuwa na sauti ya ngoma, siku ya kwanza alimfungulia droo na kumwonyesha vitu vitatu: kitambaa cha kufutia maiki, balbu ya akiba na chupa ya grisi. "Maiki hufutwa," alisema, "taa hubadilishwa, na koo hupakwa. Kijiko kimoja kabla ya kila tangazo. Usipopaka, utakwaruza watu." Mzee alikuwa amefanya mpango hadi chupa ile ikaandikwa kwenye orodha ya vifaa vya stesheni, namba tatu, baada ya balbu. Kila asubuhi stoo ilimletea chupa mpya pamoja na karatasi ya kusaini. Kwa miaka ishirini na tatu Bi Kipaza alisaini, na kabla ya kila tangazo alivuta droo, akapaka koo, akafunga droo. Matangazo yalikuwa thelathini na moja kwa siku.

Haikumjia kuliandika hilo kwenye daftari la mlo, kama vile dereva wa treni asivyoandika dizeli.

*

Wiki ya sita alianza kulichukia daftari.

Kila asubuhi alijitoboa kidole, akasubiri kimashine cha kupimia sukari alichopewa hospitali kihesabu, na kila asubuhi kilimpa jibu la kumtukana. Kumi na mbili. Kumi na moja na nusu. Kumi na tatu, baada ya siku aliyokula matango peke yake tangu jua kuchomoza! Alikibadilisha betri. Akajitoboa mkono wa kushoto, pengine wa kulia una upendeleo. Akampima Wifi kwa kumvizia, akaona tano. Wifi, aliyekuwa anamalizia wali wote uliokatazwa ili usiharibike, alikuwa na sukari ya mtoto wa shule.

"Mashine nzima," alisema Wifi, akijifuta kidole kwa ushindi. "Mwizi yuko kwingine."

Jumapili mchana akaitisha kikao cha familia, watu watatu kwenye meza ya watu sita.

"Humu ndani," Wifi alianza, sauti ya hakimu, "kuna mtu anakula kwa siri."

Seremala aliinama. Masikio yakamwiva.

"Ni mimi," alisema.

"Nini?"

"Biskuti. Ziko karakana, kwenye sanduku la misumari. Na mkate. Na jana nilikula wali wa kuku kwa yule mama wa kona, sahani mbili." Alipumua kama mtu aliyetua kabati. "Nisameheni."

"Wewe sukari yako nani amekuuliza?" Wifi alifoka. "Ninamwongelea mkeo!"

Bi Kipaza alisimama. Alikuwa amevumilia kabichi, amevumilia mbegu, amevumilia kuitwa mgonjwa na watu wanaokohoa. Lakini hili la wizi lilimkaa kooni.

"Wifi, nikuambie kitu. Tangu siku ile sijaweka kinywani hata punje ya sukari. Nimepita kwenye keki ya harusi nikatazama ukutani. Watu wananila kwa macho, na mimi nawala kwa macho mikate yao. Na bado unaniita mwizi?"

"Fungua mkoba."

"Nini?"

"Fungua mkoba wako wa kazini tuone."

Akaufungua, akaumwaga mezani. Funguo, kitambaa, vidonge, miwani, daftari, na tango moja limeng'atwa nusu. Lile tango lilibingirika polepole, likasimama mbele ya Wifi.

Bi Kipaza akalichukua, akalimalizia pale pale, huku machozi yakimtoka. Si kwa huzuni. Ni kwa hasira ya mtu anayelipa nauli kila siku na kila siku anashushwa njiani.

*

Binti wa lishe alikuwa na likizo, na likizo yake ilianzia jukwaa namba moja, saa nne na nusu. Alikuwa amewahi, ana begi dogo na kitabu. Akaisikia ile sauti ikimwagika kutoka kwenye spika, akakumbuka mgonjwa wake, akapanda ngazi kumsalimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, kaa hapo juu ya katoni, usilionee huruma. Subiri kidogo natangaza."

Droo ikavutwa. Kijiko kikaingia kwenye chupa, kikatoka kimejaa, kikaingia mdomoni, kikatoka kinang'aa. Droo ikafungwa. "Abiria wa treni ya kaskazini..." Chini, mtoto aliyekuwa analia akanyamaza.

Binti alikunja uso kidogo, akajisemea moyoni labda ni dawa. Dakika tano baadaye droo ikavutwa tena. Dakika saba nyingine, tena.

"Mama, samahani. Hicho ni nini?"

"Kipi?"

"Hicho ulichokula."

"Mimi? Sijala kitu tangu saa kumi na mbili. Yai moja. Tazama daftari."

"Hapana, mama. Sasa hivi. Kwenye kijiko."

"Aah, hiyo!" Bi Kipaza alicheka. "Hiyo siyo ya kula. Hiyo ni grisi."

"Grisi ya nini?"

"Ya koo. Kifaa namba tatu. Soma orodha hapo ukutani."

Binti alisoma orodha ukutani. Ilikuwa kweli, na ilikuwa na muhuri. Akavuta droo mwenyewe, akafungua chupa, akachovya ncha ya kidole, akaonja. Uso wake ukapita hatua kadhaa, ya mwisho ikiwa ya mtu aliyemkuta ng'ombe sebuleni.

"Mama. Hii ni asali."

"Ndiyo, ni asali na tangawizi. Ulitaka nipake ile ya mabehewa?"

"Asali ni sukari, mama."

"Asali ni ya nyuki. Sukari ni ya kiwanda."

"Damu haiulizi imetoka kwa nani. Kwa siku unapaka vijiko vingapi?"

"Inategemea treni."

"Mama!"

"Thelathini na moja. Treni zikichelewa, arobaini. Na tangu nianze hiki chakula chenu," Bi Kipaza aliongeza, na hapo sauti yake ilianza kupungua yenyewe, kama redio inayoishiwa betri, "koo limekuwa linakauka zaidi. Kwa hiyo nimekuwa naongeza kidogo. Kijiko kinakuwa na... mlima."

Binti alichukua kalamu, akafungua lile daftari jembamba kwenye ukurasa wa jana, ule wenye tango, kabichi na hasira, akaandika chini yake mstari mmoja: asali, vijiko thelathini na moja. Kisha akamgeuzia asome. Bi Kipaza alisoma, akavua miwani, akaivaa, akasoma tena. Haikuwa mbili iliyogeuka tatu safari hii. Aliona vizuri kabisa.

Wiki sita za mchicha. Wiki sita za Wifi. Alikuwa amekwangua chungu chote kutafuta punje ya wali, na mzinga wa nyuki uko chini ya kiwiko chake, umepigwa muhuri na shirika.

"Nimekula majani," alisema polepole, "kama sungura wa maonyesho. Bure?"

"Si bure, mama. Ungekuwa pabaya zaidi."

"Usinifariji, mwanangu. Nataka kukasirika kwanza."

Alikasirika. Alimkasirikia mzee aliyemfundisha, aliyekufa, kwa hiyo haikufika mbali. Akaikasirikia stoo. Akakasirikia nyuki mmoja mmoja. Babu Tiketi, aliyekuwa amesikia kelele na kupanda na mkate wake, alielezwa habari, akatazama chupa, akafumba macho kwa raha. Alikuwa ameisubiri nafasi hii maisha yake yote.

"Chovya chovya," alisema, "humaliza buyu la asali."

"Babu, ukirudia hiyo methali nakutangaza umepotea, watu waje kukutambua."

Binti alikuwa ameangalia saa ya ukutani. "Mama, treni yangu. Haijatangazwa."

Bi Kipaza alinyoosha mkono kwenye droo kwa mazoea ya miaka ishirini na tatu. Binti akauweka mkono wake juu ya droo. Walitazamana.

"Kunywa maji, mama."

Akanywa maji. Akabonyeza kitufe. Kilichotoka kwenye spika kilikuwa mlango wa ghala unaofunguliwa kwa nguvu.

"Abiria wa saa nne na nusu. Jukwaa namba moja."

Stesheni nzima iligeuza shingo juu. Mtoto aliyenyamaza akaanza tena. Mzee mmoja kwenye benchi alivua kofia, akauliza jirani yake nani amefariki. Lakini watu walisimama, wakachukua mizigo, na wakaenda jukwaa namba moja.

Kabla ya kushuka kukimbilia treni, binti alibandika karatasi kwenye ile chupa, ameandika kwa herufi kubwa: HII NI CHAKULA.

*

Wifi alipoelezwa hakupiga kelele. Hilo ndilo lililowatisha. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, mwiko mkononi.

"Nimekuchagulia mchicha jani kwa jani," alisema hatimaye. "Wiki sita. Kumbe wewe una mzinga kazini."

"Wifi, sikujua."

"Hukujua ni tamu?"

"Nilijua ni tamu. Sikujua ni chakula."

Wifi alimtazama mdogo wake. Seremala alitazama dari, ambayo aliipigilia mwenyewe. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi, Wifi akacheka, akacheka hadi mwiko ukaanguka. Jioni ile sahani ilikuja imegawanywa kama binti alivyochora: nusu mboga, robo samaki, robo wali. Robo ya wali ilipimwa kwa ngumi ya Wifi, si ya Bi Kipaza, lakini ilikuwa robo.

Vile vinamba vya asubuhi vikaanza kushuka. Kumi. Tisa. Nane na kitu. Mtu angedhani hapo ndipo furaha ilipoanza. Haikuanza. Chini ya kabichi kulikuwa na shida nyingine inasubiri zamu yake.

Sauti haikurudi. Bi Kipaza alijaribu maji ya uvuguvugu, akajaribu tangawizi tupu, akajaribu kuimba kimoyomoyo. Kila alipobonyeza kitufe mlango wa ghala ulifunguka. Abiria watatu waliandika barua. Mmoja aliuliza kwa nini anagombezwa ilhali ana tiketi halali. Stesheni masta alipanda na zile barua, akazisoma kwa sauti, zote tatu, akisimama kwenye nukta. Kisha akainama na kugonga katoni chini ya meza kwa kidole, kama daktari anayepima kifua.

"Daktari ana saini yake, mama, na mimi nina yangu," alisema. "Sukari ikishuka halafu sauti ikabaki hivi, itakuwa umeshinda kesi na nyumba imeuzwa."

Basi mambo yakawa hivyo. Akipaka, sauti inabaki na sukari inamtoa kwenye maiki. Asipopaka, sukari inashuka na sauti inamtoa kwenye maiki. Alikuwa kwenye jukwaa moja na treni mbili zote zinaelekea stoo ya miavuli.

Kuna Ijumaa moja ya mvua ambayo karibu imwangushe. Treni nne zilichelewa kwa pamoja, watu walijaa hadi kwenye ngazi, wamelowa, wanapiga vioo. Koo lilikuwa limefunga. Stesheni masta alikuwa amesimama chini, ametega sikio. Bi Kipaza alivuta droo. Chupa ilikuwepo, nusu, ya rangi ya jioni, na kijiko chake kimelala ubavuni kama mbwa anayemsubiri bwana wake. Akakishika. Akaisoma karatasi. Akasema neno ambalo halijawahi kupita kwenye spika za shirika, akafunga droo kwa goti, akabonyeza kitufe.

"Sikilizeni! Treni zote zimechelewa. Ya kaskazini, dakika arobaini, jukwaa namba mbili. Mbili, si tatu! Anayepiga kioo aache, kioo hakina treni!"

Wakaacha. Watu mia nne wakajipanga kama daftari la hesabu. Hakuna aliyevuka daraja kwa makosa, hakuna aliyelala, hakuna aliyeota. Zamani sauti yake iliwafanya watu wafurahie kuchelewa; sasa iliwafanya wasikie namba ya jukwaa. Stesheni masta alitazama umati ule, akatazama kibanda, akaingia ofisini kwake bila kusema kitu, jambo ambalo kwake lilikuwa ugonjwa. Barua za malalamiko ziliendelea kuja, lakini hakupanda tena kuzisoma.

*

Miezi minne ilipokwisha daktari alimpima, akampima tena, akavua miwani.

"Saba nukta tisa."

"Chini ya nane?"

"Kwa unywele."

"Unywele unatosha, daktari. Saini."

Akasaini, akamwambia asidhani yamekwisha, hii ni ya maisha, arudi baada ya miezi mitatu, na robo ibaki robo. Bi Kipaza alirudi stesheni na karatasi ameikunja mkononi, ana kiu ya kawaida, ya mtu aliyetembea.

Stesheni masta alikuwa amepata habari kwa simu na alikuwa ameshaandika hotuba. Kibanda kilijaa. Babu Tiketi alikuwepo, amemeza mkate wake haraka kwa adabu. Wifi alikuwepo, amevaa kama mama wa bwana harusi. Seremala alisimama nyuma, ana makombo kwenye kola. Stesheni masta akabonyeza kitufe cha maiki ili stesheni nzima ifaidike.

"Abiria wapendwa, wafanyakazi wenzangu! Leo tunasimama mbele ya shujaa. Mwanamke huyu, mbele ya adui asiyeonekana, hakutetereka! Aliitazama asali, na asali ikamtazama, na asali ndiyo iliyoinamisha macho! Ni ushindi wa nidhamu! Ni ushindi wa sahani! Ni ushindi, nathubutu kusema, wa shirika letu la reli, ambalo limekuwa likijali afya ya wafanyakazi wake tangu..."

Aliendelea hivyo kwa dakika sita. Wifi alilia. Chini kwenye majukwaa watu walikuwa wamesimama na mizigo, wanasubiri kujua nani ameshinda nini. Hatimaye stesheni masta akageuka, akamwinamishia maiki.

"Mama yetu, kabla hatujaagana na jambo hili kubwa, waambie watu. Ulipoiacha asali, baada ya miaka ishirini na tatu, ulijisikiaje?"

Bi Kipaza aliitazama saa ya ukutani, akaweka miguu yake juu ya katoni, akavuta maiki karibu.

"Vibaya," alisema. "Treni ya saa nane, jukwaa namba mbili."